Kilichomo Kifuani na Tumboni: Uhakiki wa Istilahi za Ogani za Ndani katika Kiswahili Sanifu

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili sanifu kinavyotaja sehemu za ndani za mwili wa binadamu, hususan kifua, tumbo na nyonga, pamoja na ogani zilizomo. Hoja yake kuu ni kwamba upungufu unaolalamikiwa katika uwanja huu kwa kiasi kikubwa si upungufu wa msamiati. Unatokana na juhudi za kutafuta nomino moja itakayotaja nafasi ya ndani, ilhali Kiswahili hubeba dhana hiyo katika sarufi ya mahali, hasa katika ngeli ya 18. Makala inachunguza maneno tumbo, moyo, kifua na kizazi, inapima istilahi uwazi, chemba, kiwambo na fumbatio, kisha inapendekeza namna ya kuyashughulikia maneno ya aina hii katika kamusi na vitabu vya kiada.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anayemwambia tabibu kwamba tumbo linamuuma bado hajamtajia mahali. Huenda anazungumzia mfuko unaopokea chakula, matumbo yanayofuata, mji wa mimba, kibofu, au sehemu yote iliyo kati ya mbavu na nyonga. Tabibu mzoefu hulijua hilo, na swali lake la kwanza huwa ni "Wapi hasa?" Jibu la mgonjwa mara nyingi ni kidole. Pengo hilo kati ya neno na kidole ndilo linalochunguzwa hapa.

Tangu kamusi ya Krapf (1882), kupitia kamusi ya Johnson (1939), hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu (TUKI, 1981), viungo vya mwili vimekuwa miongoni mwa maneno yaliyokusanywa kwa bidii. Wanaistilahi wa baadaye walifanya kazi kubwa zaidi, na leo hakuna ogani kuu isiyo na jina: ini, figo, kongosho, wengu au bandama, nyongo, umio, kibofu, kidoletumbo na nyinginezo. Hata hivyo, lalamiko kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia anatomia halijakoma. Nchini Tanzania lalamiko hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari huikuta ogani ileile kwa Kiingereza, aghalabu bila kuelezwa uhusiano wa majina hayo mawili.

Makala hii inakubali kwamba tatizo lipo, lakini inakataa sehemu ya utambuzi wake. Majina ya ogani si haba. Kinachokosekana ni maelezo mazuri ya uhusiano kati ya ogani, ukuta unaoizunguka na eneo inamokaa. Uhusiano huo Kiswahili kina namna yake ya kuueleza, na namna hiyo imeachwa nje ya mjadala.

2.0 Tumbo na Ndugu Zake wa Kimofolojia

Neno tumbo lina angalau maana tano zinazoishi pamoja. Linataja sehemu ya nje, kama katika mkanda unaofungwa tumboni. Linataja eneo la ndani lililo chini ya kifua. Linataja ogani inayopokea chakula kutoka kwenye umio, kama katika vidonda vya tumbo. Linataja chimbuko la uzazi, kama katika ndugu wa tumbo moja. Mwishowe linataja ugonjwa wenyewe, kama mtu anapokuwa na tumbo la kuendesha. Zaidi ya hayo kuna matumizi ya kisitiari, kama kukaa tumbo joto, ambapo wasiwasi hupewa makao palepale.

Mofolojia inaongeza utata, lakini pia inatoa mwanga. Shina lilelile hutoa tumbo katika ngeli ya 5, matumbo katika ngeli ya 6 na utumbo katika ngeli ya 11. Kwa kanuni ya kawaida, matumbo ni wingi wa tumbo, yaani matumbo mawili ni ya watu wawili. Lakini matumbo ya mtu mmoja ni ogani ndefu iliyojikunja ndani yake. Tofauti ya kimaeneo inaonekana hata sokoni: mchuzi unaoitwa matumbo Nairobi huitwa utumbo Dar es Salaam. Kwa msemaji wa kawaida hakuna mkanganyiko, kwa kuwa muktadha humwongoza. Kwa mwandishi wa kitabu cha sayansi, hata hivyo, kuandika "matumbo" bila maelezo ni kumwachia msomaji achague kati ya wingi wa eneo na jina la ogani.

Kuna pia kitenzi -tumbua, ambacho hutumika kwa samaki anayepasuliwa na kutolewa matumbo, na kwa jipu linalopasuliwa ili usaha utoke. Kitenzi hiki kinaonyesha jambo la msingi kuhusu chimbuko la maarifa haya. Mwili wa ndani katika Kiswahili ni mwili uliofunguliwa, aghalabu wa samaki, kuku au mbuzi. Mchinjaji hakuhitaji jina la nafasi iliyobaki baada ya vitu kutolewa. Alihitaji majina ya vitu vyenyewe, na ndiyo maana majina hayo ni mengi na ya kale.

Wanaistilahi waliutambua utata wa tumbo. Mojawapo ya suluhisho lao ni fumbatio, istilahi iliyoundwa kutokana na -fumbata. Kimofolojia ni istilahi nzuri: mzizi wake ni wa Kiswahili, kiambishi chake kinajulikana, na picha yake ya kitu kinachoshika na kufunika kilichomo ni sahihi. Udhaifu wake ni wa kijamii. Fumbatio limebaki zaidi vitabuni, ilhali kliniki na nyumbani neno ni tumbo. Istilahi ambayo mgonjwa hawezi kuisema haimsaidii tabibu kuuliza swali.

Hapa inafaa kulitetea tumbo dhidi ya baadhi ya wakosoaji wake. Hudaiwa kwamba kutotenganisha tumbo na nyonga ni dalili ya ulegevu wa lugha. Anatomia haiungi mkono dai hilo. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, ukuta wa misuli unaotenganisha mapafu na moyo kwa upande mmoja, na ini, wengu na mfuko wa chakula kwa upande wa pili. Kati ya tumbo na nyonga hakuna ukuta wa namna hiyo. Eneo la juu huendelea moja kwa moja hadi la chini, na mpaka unaochorwa vitabuni ni mstari wa kufikirika unaofuata ukingo wa mifupa ya nyonga. Msemaji anayeita eneo lote tumbo hajakosea kuhusu umbo la ndani. Anachokosa ni njia ya kuligawa pale mgawanyo unapohitajika.

Figo zinatoa ushahidi wa aina nyingine. Ogani hizi mbili ziko nyuma kabisa, upande wa mgongo, nje ya utando unaofunika matumbo. Mgonjwa wa figo mara nyingi hataji tumbo. Hutaja kiuno au mgongo. Wafasiri wa Biblia ya Union Version (1952) walikutana na jambo hilohilo kwa njia tofauti. Katika Yeremia 17:10, matini ya Kiebrania hutaja figo kuwa makao ya siri za mtu, nao wakaandika viuno. Uamuzi huo unaweza kuonekana kuwa kosa la anatomia, lakini kwa hakika ni uchambuzi wa semantiki. Katika Kiswahili figo hazina kazi ya kuwaza wala kuhisi, hivyo wafasiri waliacha ogani wakashika eneo.

3.0 Moyo Usiokaa Mahali Pamoja

Iwapo tumbo ni eneo linalojifanya ogani, moyo ni ogani inayojifanya eneo. Mtu anayetaka kutapika husema moyo unamchafuka. Sehemu laini iliyo chini ya mfupa wa kifua, pale mbavu zinapoachana, huitwa chembe cha moyo, ingawa kilicho karibu zaidi na pahali hapo ni mfuko wa chakula na sehemu ya ini. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamikia chembe cha moyo anaweza kuwa na vidonda vya tumbo, na akasikilizwa kama mwenye ugonjwa wa moyo. Kinyume chake ni hatari zaidi: maumivu ya moyo wenyewe huweza kusikika katika sehemu hiyohiyo, na mgonjwa akapewa dawa ya kiungulia.

Semi na methali zinathibitisha kwamba moyo katika Kiswahili ni mahali pa ndani pasipoonekana. Methali isemayo "Lililo moyoni, ulimi huiba" haimaanishi ogani inayosukuma damu. Kiambishi -ni kinaigeuza ogani kuwa ghala. Kifua nacho hufanya kazi hiyo: anayeweza kutunza siri ana kifua, asiyeweza hana kifua. Kwa upande mwingine, ini hubaki kuwa kitu kinachoweza kuumizwa, ndiyo maana maneno makali hukata maini. Mgawanyo huu una mantiki yake. Moyo na kifua huhifadhi, ini huguswa.

Kamusi inayoanza na pampu ya damu, ikafuatisha hisia na kuishia hapo, itakuwa imeruka maana ya tatu, ambayo ndiyo wagonjwa wengi huitumia: moyo kama eneo la juu ya tumbo. Maana hiyo haipaswi kuingizwa kama kosa la wasiosoma. Ni maana ya kawaida, yenye misemo yake na jina lake la pahali, na inastahili kuwa na nambari yake katika kidahizo.

Kifua kina tatizo linalofanana na hilo. Kusema mtoto ana kifua ni kusema anakohoa. Kifua kikuu ni jina rasmi la ugonjwa, ingawa ugonjwa huo huweza pia kushambulia mifupa, figo au tezi. Jina la eneo limekuwa jina la maradhi, na mgonjwa ambaye maradhi yake yako kwenye uti wa mgongo huona vigumu kukubali kwamba ana kifua kikuu ilhali hakohoi. Hapa istilahi imefaulu kuenea, na kuenea kwake kumeleta gharama ambayo elimu ya afya inapaswa kuilipa kila mara kwa maelezo ya ziada.

4.0 Utupu Usiokuwapo: Uwazi na Chemba

Waandishi waliotaka nomino ya kutaja nafasi ya ndani wamependekeza au kutumia maneno kadhaa, yakiwamo uwazi, tundu na chemba. Kila moja lina picha yake, na picha hizo hazilingani na mwili.

Uwazi hutokana na hali ya kuwa wazi. Kitu kilicho wazi hakikufungwa, au hakina kitu ndani. Nafasi za kifua na tumbo hazina sifa hata moja kati ya hizo. Zimefungwa pande zote, na zimejaa. Utando unaofunika pafu na ule unaotanda ukuta wa kifua kwa ndani hugusana, vikitenganishwa na ute kidogo tu unaoviwezesha kuteleza pafu linapotanuka. Nafasi hiyo huonekana kuwa nafasi pale tu maradhi au jeraha linapoingiza maji, usaha, damu au hewa. Kwa maneno mengine, "uwazi wa kifua" ukiwa wazi kweli mgonjwa yumo hatarini. Istilahi inayotaja hali ya ugonjwa kana kwamba ndiyo hali ya uzima haiwezi kuwa msingi mzuri wa ufundishaji.

Chemba ina historia tofauti, na wasomaji wa isimu wanaifahamu. Vitabu vya fonetiki ya Kiswahili hutumia chemba ya kinywa na chemba ya pua vinapoeleza ala za matamshi. Huko neno linafaa, kwa sababu kinywa na pua ni nafasi zenye hewa kweli, na hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi. Kulihamishia kifuani ni kulipotosha. Ni vyema pia kukiri kwamba isimu yenyewe haijasafisha nyumba yake: koo, koromeo, kongomeo na zoloto hubadilishana nafasi kutoka kitabu kimoja hadi kingine, na mwanafunzi anayesoma vitabu viwili huweza kupata ramani mbili za koo moja. Wanaisimu wanaozihakiki istilahi za tiba wana wajibu wa kuanzia hapo.

Istilahi zilizofaulu hazikuanza na utupu. Kiwambo kimetokana na -wamba, kitenzi cha fundi anayetandaza ngozi juu ya ngoma na kuikaza. Neno hilo linataja ukuta, linaeleza umbo lake na mkazo wake, na mwanafunzi aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa huielewa papo hapo. Mfuko wa uzazi, kifuko cha nyongo na kibofu cha mkojo hutaja chombo na kilichomo. Hata fasihi imefuata njia hiyo. Jina la riwaya ya Kezilahabi, Kichwamaji (1974), limeundwa kwa chombo na kilichomo bila neno lolote la kutaja nafasi kati yao, na nguvu yake inatokana na uwezo wake wa kubeba pamoja ubwege wa fikra na mwili wa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Kiswahili hutaja ukuta, chombo na kilichomo. Utupu hukiachia sarufi.

5.0 Sarufi ya Ndani

Sarufi hiyo ni ya ngeli za mahali. Msemaji akisema "kifuani pake pana kovu", msikilizaji anajua kovu liko juu ya ngozi, mahali mahususi. Akisema "kifuani mwake mna maji", maji yamo ndani. Akisema "tumboni kwake kunaunguruma", eneo limetajwa bila mpaka maalumu. Tofauti kati ya juu, ndani na sehemu kwa ujumla, ambayo lugha nyingine huieleza kwa maneno mengi, hapa imo katika silabi moja ya upatanisho. Vivyo hivyo kwa vitenzi: "mmejaa usaha" na "pamejaa usaha" si taarifa moja kwa daktari wa upasuaji.

Rasilimali hii inapungua. Katika mazungumzo ya miji mingi, kwa- na ku- zimechukua nafasi ya mwa- na m-, hata katika matini zilizohaririwa. Aghalabu jambo hili hujadiliwa kama suala la ufasaha, na hukemewa kwa lugha ya maadili. Hoja iliyo na uzito zaidi ni ya kiutendaji: katika maandishi ya tiba na anatomia, kuipoteza ngeli ya 18 ni kupoteza zana. Inafaa kukumbuka kwamba si lahaja zote zinazoelekea huko. Kiswahili cha Lubumbashi huweka mu kabla ya nomino, kama katika mu tumbo, na hivyo kuitaja nafasi ya ndani kwa uwazi, japo kwa muundo usiokubalika katika usanifu wa Afrika Mashariki.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Itasemwa kwamba istilahi lazima iwe nomino inayoweza kuwa kidahizo, na kwamba kifuani ni umbo la kisarufi tu lisilo na hadhi hiyo. Historia ya lugha yenyewe inalipinga dai hili. Kusini na kaskazini ni majina ya pepo, kusi na kaskazi, yaliyopewa kiambishi -ni. Leo ni vidahizo kamili, huchukua vimilikishi, na hakuna anayeyaona kuwa na upungufu. Pwani nayo imepita njia hiyohiyo. Ikiwa Kiswahili kiliweza kutoa majina ya pande za dunia kwa -ni, hakuna sababu ya kimofolojia ya kukinyima uwezo wa kutoa majina ya pande za mwili. Kifuani, tumboni, nyongani na fuvuni zinaweza kuingia kamusini kama istilahi za nafasi za ndani, zikifafanuliwa kwa ukuta wake na ogani zilizomo, na kupatanishwa na ngeli ya 18 zinapotumika kwa maana hiyo.

6.0 Kizazi: Pale Neno Linapohitaji Saini

Umuhimu wa suala hili hauonekani wazi zaidi kuliko katika neno kizazi. Neno hili hutaja watu wa rika au wakati mmoja, uwezo wa kuzaa, na pia ogani yenyewe inayobeba mimba. Ogani hiyo ina majina mengine: mji wa mimba, mfuko wa uzazi, nyumba ya uzazi. Lakini katika maongezi ya kawaida, upasuaji wa kuiondoa huitwa kutoa kizazi.

Mwanamke anayeambiwa kwamba atatolewa kizazi anasikia mambo matatu kwa wakati mmoja. Anasikia ogani moja inayoondolewa, ambayo ndiyo maana ya tabibu. Anasikia kwamba uwezo wake wa kuzaa unakoma, jambo ambalo ni kweli lakini ni tokeo la upasuaji. Na anasikia kwamba kinachoondolewa ni vizazi, yaani watoto wake na nafasi yake katika ukoo. Ikiwa fomu ya ridhaa imeandikwa kwa neno hilo, saini yake haionyeshi ameridhia maana ipi. Anaweza pia kuamini kwamba kila kilichomo nyongani kitaondolewa, ikiwamo mifuko ya mayai, ilhali huenda daktari amekusudia kuiacha. Mfuko wa uzazi ni istilahi bora hapa, kwa sababu hutaja chombo, na chombo kinaweza kuondolewa bila kudai kwamba kila kilichokizunguka kimeondolewa. Hata hivyo, haitoshi kuchagua neno bora. Fomu inapaswa kusema nini kinatolewa, mna nini kitakachobaki, na matokeo yake ni yapi, kwa sentensi tatu tofauti.

Hapa ndipo mgawanyo wa ukuta, chombo na kilichomo unapoacha kuwa suala la nadharia. Neno linalochanganya vyote vitatu huweza kupendeza katika ushairi. Katika fomu ya upasuaji humnyima mtu haki ya kujua anachokubali.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili kuhusu mwili wa ndani ni tajiri katika majina ya ogani, wenye busara katika majina ya kuta na vyombo, na wenye utata katika majina ya maeneo. Juhudi za kuondoa utata huo kwa nomino za utupu hazijafaulu, kwa sababu mwili wenyewe hauna utupu wa namna hiyo na lugha haijazoea kuutaja.

Mapendekezo matatu yanajitokeza. Kwanza, vidahizo vya tumbo, moyo, kifua na kizazi vitenganishe waziwazi maana ya eneo, ya ogani, ya maradhi na ya sitiari, na maana ya eneo isichukuliwe kuwa kosa. Pili, istilahi mpya zifuate njia ya kiwambo, yaani zianzie kwenye kazi za mikono ambazo wasemaji wanazijua, badala ya kuanzia kwenye dhana ya uwazi. Tatu, vitabu vya sayansi vya shule na matini za afya vitumie kwa makusudi upatanisho wa mw- na m- vinapotaja kilichomo ndani ya mwili, na walimu waufundishe upatanisho huo kama sehemu ya somo la sayansi.

Utekelezaji wa pendekezo la tatu hauhitaji istilahi hata moja mpya. Unahitaji mhariri ambaye, anapokuta "kifuani kwake kuna maji", atauliza kama mwandishi alikusudia kusema mwake mna.